Icom IC-705 kwenye mashindano ya mita 2: wati 10 kutoka Lubumbashi

Anayetaka kushiriki mashindano ya redio za ridhaa kwenye VHF, hasa mita 2 (masafa ya 144 MHz), kutoka Lubumbashi, na nyumbani hana ghorofa wala mlingoti mrefu, IC-705 ndiyo redio inayomfaa. Anayetaka kukaa chumbani mtaa wa Golf au Bel-Air, achomeke plagi ukutani na kuita kwa wati 100, hii siyo yake, na hakuna menyu itakayoigeuza iwe yake. Hayo mawili yakishaeleweka, kazi iliyobaki ni kujua wapi redio hii inakubeba, wapi inakuangusha, na ni vitu gani vidogo vinavyokula zile wati 10 kabla hazijafika hewani. Hivyo vitu vidogo ndivyo vingi, na ndivyo tutakavyokaa navyo zaidi.

Icom waliitoa mwaka 2020. Ni kiboksi cha milimita 200 kwa 83.5 kwa 82, uzito wa kilo 1.1 hivi pamoja na betri yake, kinachofanya kazi kwenye HF (masafa ya chini ya 30 MHz), 50, 144 na 430 MHz, kwa SSB (sauti ya upande mmoja wa wimbi), Mors, AM, FM na D-STAR (sauti ya kidijitali). Kwa betri yake ya mgongoni, BP-272, inatoa wati 5. Ukiilisha volti 13.8 kutoka nje inatoa wati 10. Ina skrini ya kugusa ya inchi 4.3, GPS ndani, nafasi ya kadi ya microSD, na kadi ya sauti iliyojengwa ndani ya USB. Haina feni. Antena inaingia kwa kiungio kimoja tu cha BNC.

Kipimo tulichotumia ni shindano la 144 MHz la IARU (umoja wa kimataifa wa redio za ridhaa) Ukanda wa 1, wikendi kamili ya kwanza ya Septemba, tangu saa 14:00 UTC Jumamosi hadi 14:00 UTC Jumapili. Kongo imo katika Ukanda wa 1. Mnapeana ripoti ya usikivu, namba ya mfululizo inayoanzia 001, na lokata ya alama sita, yaani msimbo wa kisanduku cha ramani ulichomo. Kilomita moja ni pointi moja, na kila kituo kinahesabiwa mara moja. Kwa hiyo jirani wa Kampemba, hapahapa mjini, ni pointi chache hata akusikie vizuri namna gani, na mtu mmoja wa Kolwezi anawashinda majirani ishirini.

Lubumbashi iko KH38ri. Chukua ramani upige mistari: Chingola ni kilomita 105 hivi, Kitwe 150, Ndola 190, zote zikiwa kusini-mashariki kati ya nyuzi 139 na 156 za dira. Likasi ni kilomita 110, Kolwezi 240, zote upande wa kaskazini-magharibi, nyuzi 296 hadi 312. Yagi ya elementi 5, antena ya fito tano inayolenga upande mmoja, inaona upana wa nyuzi 50 hivi mbele yake. Maana yake ukiielekeza nyuzi 150, miji yote mitatu ya Zambia imo ndani bila kugusa mlingoti; ukiigeuza hadi 305, Likasi na Kolwezi zimo. Sehemu mbili za kuelekea, basi. Huhitaji mota ya kuzungushia antena. Alama mbili za rangi kwenye mlingoti na kamba ya kuuzuia zinatosha, na hilo linaokoa kilo kadhaa na ampea kadhaa.

Jambo moja lisemwe waziwazi: kwenye mita 2 huku kwetu hukuti foleni ya vituo kama Ulaya. Usipopanga mapema na watu wa Copperbelt ya Zambia, wenye alama za wito zinazoanza na 9J, na wa Kolwezi wenye 9Q, utaita ukuta usiku kucha. Panga saa, panga masafa, na panga antena zilale. Hapo kwenye kulala ndipo wengi wanaumia. Antena za VHF zinazouzwa mjini ni za kusimama, za FM, za makampuni ya ulinzi na magari. SSB ya mashindano inatumia antena zilizolala. Mmoja akisimamisha na mwenzake akilaza, mnapoteza desibeli 20 hivi, ambayo ni sawa na kugeuza wati zako 10 kuwa sehemu moja ya kumi ya wati. Hakuna redio inayoweza kufidia hilo.

Tuanze na BNC, maana hapo ndipo redio hii inavunjika. Shimo la antena liko ubavuni, na mwili wa redio ni mwepesi. Ukichomeka kebo nene ya RG-213 kwa adapta mbili zilizofuatana, uzito wa kebo unalivuta kila upepo unapopita. Baada ya saa chache mguso wa katikati unalegea na SWR (kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena) inaanza kucheza. Dalili yake utaiona: usikivu unashuka ukigusa kebo, kisha unarudi. Dawa ni kipande cha sentimita 50 cha kebo nyembamba, RG-58 au RG-223, kati ya redio na kebo nene, na kebo nene yenyewe ifungwe kwa kamba kwenye mguu wa meza. Kipande hicho kinakula sehemu moja ya kumi ya desibeli. Kubali hasara hiyo.

Kebo ndefu ni hesabu nyingine. Kwenye 144 MHz mita 15 za RG-58 zinakula karibu desibeli 2.8: wati 10 zinaingia, wati 5 na kidogo zinatoka. Mita 15 za RG-213 zinakula 1.3, na antena inapata wati 7.4. Wakati wa kupokea hasara ni ileile, kwa hiyo yule wa Kolwezi aliye chini kabisa kwenye kelele humsikii tena. Mwenye redio ya wati 100 anaweza kupoteza nusu na akabaki na 50. Mwenye IC-705 hana cha kupoteza. Kama fedha inatosha kitu kimoja tu kati ya kebo nzuri na amplifaya, nunua kebo.

Bora zaidi ni kufupisha kebo. Uzuri wa redio ya kilo moja ni kwamba inakwenda ilipo antena. Na hapa Katanga tuna mlingoti wa bure: kichuguu. Vichuguu vikubwa vya mchwa vinavyozunguka Lubumbashi hufika mita 5, vingine mita 8. Simika nguzo ya mita 4 juu ya kichuguu cha mita 5, kaa na redio ubavuni mwake upande wa kivuli, na mita 6 za kebo zinatosha. Chagua kile kilichobaki wazi, ambacho wachoma makaa wamekwisha kukata miti iliyokizunguka. Majani ya miombo yanayochipuka Septemba yakiwa mbele ya antena yanameza mawimbi ya mita 2. Kagua juu kama kuna mashimo mapya kabla ya kusimika. Udongo wa kichuguu ni mgumu kama tofali, kwa hiyo kigingi cha chuma na nyundo nzito, vigingi vya mbao vitapasuka.

Antena yenyewe tunapendekeza Yagi ya elementi 5 kwenye boriti ya mita 2, kwa mpango wa omu 28 wa DK7ZB, mwanaredio wa Ujerumani, ambao michoro yake inapatikana bure. Mabomba ya aluminiamu ya milimita 10 utayapata kwa mafundi madirisha. Usibadili kipenyo cha bomba bila kubadili urefu wake; mchoro una urefu tofauti kwa kila kipenyo, na anayechukua urefu wa milimita 8 akakata bomba la milimita 12 anahamisha antena nzima chini ya 144 MHz. Kutoka omu 28 kwenda 50 unapita kwenye vipande viwili vya kebo ya omu 75 vilivyounganishwa sambamba, kila kimoja robo ya wimbi. Robo ya wimbi kwenye 144.3 MHz hewani ni sentimita 51.9; ndani ya kebo ya plastiki ngumu inakuwa 34.3, ndani ya kebo ya povu inakuwa 42 na nusu hivi.

Kebo ya omu 75 ni ileile ya televisheni, na kila duka la dishi kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, linayo. Lakini ichune uitazame kwa karibu. Chini ya ganda jeupe kuna karatasi ya aluminiamu, na juu yake nyuzi chache za kijivu zilizosukwa wazi, unaweza kuhesabu mianya yake. Nyuzi hizo ni aluminiamu pia. Weka chuma cha moto na risasi: risasi inabingirika kama tone la maji kwenye jani la yugwa, haishiki. Anayelazimisha anayeyusha povu lililo chini, na waya wa kati unagusa zile nyuzi. Kebo ya namna hiyo inabanwa kwa kifungio cha shaba na skrubu, au unatafuta ile ya zamani yenye nyuzi nyekundu za shaba. Muuzaji hajui kasi ya wimbi ndani ya kebo yake, wala haijaandikwa popote. Kwa hiyo kata sentimita 45, acha mwisho wazi, pima kwa NanoVNA, kipima-antena kidogo, na punguza milimita mbili mbili mpaka bonde lifike 144.3 MHz. Kazi ya nusu saa, na inakuondolea SWR ambayo ungeitafuta siku nzima.

Sasa umeme. Huku kwenye mgao wa umeme wa kila siku, hapa ndipo IC-705 inapowaacha wenzake mbali. Ikipokea inakula chini ya nusu ampea. Ikirusha wati 10 inakula chini ya ampea 3. Ukirusha robo ya muda, wastani ni ampea 1 na kidogo, na saa 24 zote zinataka ampea-saa 25 hivi. Betri ya LiFePO4 ya ampea-saa 30 inamaliza shindano. Ya risasi, ile ya gari, usiitumie zaidi ya nusu yake, kwa hiyo tafuta ya 60. Ile ndogo ya pikipiki ya ampea-saa 7 itakupeleka saa tatu na dakika chache, basi.

Redio inakubali volti 13.8 kwa tofauti ya asilimia 15, yaani kuanzia 11.7. Hapo ndipo waya mwembamba unapotega watu. Mita 5 za waya wa milimita za mraba 0.5, kwenda na kurudi, zinapoteza volti 1 nzima ampea 3 zikipita. Betri ya risasi yenye volti 12.4 inaonekana nzima, lakini redioni zinafika 11.4 kila unapobonyeza. Tumia waya wa 1.5 usiozidi mita 2, na upotevu utakuwa kama volti 0.14. Plagi ya umeme ni ndogo, ya duara, haina kufuli. Ikichomoka, redio inahamia kwenye betri ya mgongoni bila kukatika na nguvu inashuka hadi wati 5. Hilo ni jema kwa sababu mazungumzo hayakatiki, na ni baya kwa sababu unaweza kukaa saa mbili ukiwa na nusu ya nguvu bila kujua. Funga waya kwa utepe kwenye mpini, na kila unapoandika mawasiliano ya kumi, tupia jicho alama ya betri kwenye skrini.

Usichaji kwa pano ya sola wakati unasikiliza. Vidhibiti vingi vya sola vinatoa mngurumo kwenye 144 MHz, na konvertisa, ile ya kugeuza umeme wa betri, ni mbaya zaidi. Kwenye dirisha la maporomoko ya rangi, ile picha ya masafa inayotiririka kwenye skrini, utaona mistari iliyosimama kwa umbali sawa, mmoja kila kilohezi kadhaa. Chomoa sola, mistari ikipotea umempata mwizi.

Dirisha hilo la maporomoko ndilo jambo zuri kuliko yote kwa shindano lenye vituo vichache. Redio za kizazi kilichopita zilikulazimisha kuzungusha kitufe kutoka 144.150 hadi 144.400 ukisikiliza kila kona. Hapa unaona sehemu nzima ya SSB kwa mara moja. Kituo dhaifu cha Ndola kinaonekana kama uzi mwembamba wa buluu hafifu kabla sikio halijakipata. Gusa uzi, redio inaruka hapo, malizia kwa kitufe kikubwa. Weka kasi ya maporomoko polepole, maana mtu wa mbali anayeita mara tatu kisha kunyamaza ataacha alama inayokaa sekunde kadhaa machoni. Ita kwenye 144.300, mkishajibizana hameni mwachie nafasi mwingine. Jua la Septemba linaifuta skrini kabisa kuanzia saa nne asubuhi. Kasha la katoni lililopakwa rangi nyeusi ndani, likawekwa juu ya redio kama kibanda, linafaa kuliko mwavuli.

Kumbukumbu ya sauti ni ya pili kwa uzuri. Ukiwa na microSD, unarekodi wito wako mara moja, na redio inauita kila baada ya sekunde chache wewe ukinywa chai. Koo linapona, na sauti ya saa tisa usiku inabaki ileile ya saa kumi alasiri. Rekodi mahali pasipo upepo, uso wako ukiwa umbali wa vidole vinne kutoka kwenye maikrofoni. Upana wa sauti uweke kwenye MID, ambayo ni hezi 300 hadi 2700, au NAR, 500 hadi 2500, kama mwenzako analalamika hakusikii vizuri. Besi haifiki Kolwezi, inakula nguvu tu. Namba ya mfululizo utaisema kwa kinywa, kwa sababu hesabu inayojiongeza yenyewe ipo kwenye Mors peke yake.

Na hapa kwenye kusema tukae kidogo. Lokata yetu inaishia na ri. Wengi wetu ulimi unachanganya r na l, nasi kwa nasi tunaelewana bila shida. Hewani, kwenye kelele, "Romeo" ikitoka "Lomeo", mwenzako wa upande wa pili anaandika L. KH38LI ipo kweli, iko kilomita 54 magharibi mwa mjini, kwa hiyo programu yake haitamwonya. Mawasiliano yatakataliwa wakati wa kulinganisha madaftari. Sema "Romeo" polepole, uivute r, na umwombe arudie lokata yote, si mwisho wake tu. Namba zisemwe kwa Kiingereza na wa Zambia, tarakimu mojamoja. Kibemba mnaweza kusalimiana nacho mkimaliza.

Saa nayo inatega. Shindano linaanza 14:00 UTC, ambayo ni 16:00 kwenye saa ya ukutani Lubumbashi, ambayo ni saa kumi alasiri tunavyoitamka. Mambo matatu kwa dakika moja, na daftari likiandikwa kwa saa ya ukutani mawasiliano yote yanahama saa mbili. IC-705 inalimaliza: washa GPS, ruhusu saa ijisahihishe yenyewe, na fungua ukurasa wa mahali ulipo, lokata ya alama sita iko hapo imeshapigwa hesabu. Hilo la lokata lina maana hasa ukiwa nje ya mji, maana kutoka katikati ya mji hadi kichuguu cha njia ya Kipushi unaweza kuvuka kisanduku ukawa umetoka ri. Soma lokata ukiwa umeshasimika, usiitumie ya nyumbani. Kwenye kompyuta, redio inaonekana kama milango miwili ya USB. Wa pili unaweza kuupanga utoe data ya GPS, na kompyuta ikajirekebisha saa porini bila intaneti. FT8, mtindo wa kidijitali wa kutuma ujumbe mfupi kwa kompyuta, inahitaji hilo, na redio ina mpangilio wake tayari, gusa tu. Ila soma kanuni za shindano husika kabla ya kutegemea FT8, si kila shindano linaihesabu.

Waya wa USB ni micro, ule dhaifu wa simu za zamani, na unakamata mawimbi. Kompyuta ikipoteza redio kila unaporusha, usilaumu programu. Zungusha waya mara nne au tano kwenye pete ya feraiti, karibu na redio, kisha sogeza antena mbali na meza.

Kuhusu joto, tusiifiche. Redio isiyo na feni, kwenye nyuzi 30 na kitu za Septemba, ikirusha wati 10 za FT8 dakika hadi dakika, inapata moto mpaka ulinzi wake unapunguza nguvu. Kwa SSB na Mors haifiki huko ikikaa kivulini na hewa ikipita nyuma. Kwa FT8 shuka hadi wati 5. Vumbi jekundu linaingia popote, na redio hii haina kinga ya vumbi wala maji; BNC iwe na kifuniko inapokuwa haitumiki, na brashi laini ya rangi iwe mfukoni.

Mpokeaji wake ni mzuri lakini siyo ngome. Kwenye HF inapima wimbi moja kwa moja, ila juu ya 25 MHz inalishusha kwanza. Ukikaa karibu na minara ya redio za FM mjini, sakafu ya kelele inapanda na unasikia vipande vya muziki mahali pasipopaswa. Zima kikuza awali. Ikibaki, weka kichujio cha kuzuia 88 hadi 108 MHz kati ya antena na redio. Ikibaki bado, hama, kwani ndiyo faida ya kilo moja.

Tropo ya alfajiri, yaani mawimbi kupindwa na tabaka za hewa ya chini, ndiyo saa ya kuvuna. Usiku wa kiangazi hewa ya chini inapoa kuliko ya juu, moshi wa moto wa porini unalala tambarare kama shuka, na huo moshi uliolala ni ishara kwamba mawimbi nayo yanalala. Kati ya saa kumi na moja na saa moja asubuhi elekeza nyuzi 305 na usiguse kitu kingine. Jioni kuna mengine. Septemba na Oktoba, Machi na Aprili, baada ya jua kuzama, mawimbi yanaweza kuruka ikweta ya sumaku, ambayo kwa upande wetu wa Afrika inapita kaskazini ya ile ya ramani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mawimbi ya 144 MHz yalivuka hivyo kati ya mji unaoitwa Harare leo na Saiprasi, kisha kati ya Afrika Kusini na Ugiriki. Lubumbashi imekaa vizuri kwa mchezo huo. Athens ni kilomita 5,500 hivi, pointi 5,500 kwa mtu mmoja. Kwa wati 10 kwenye 144 ni nadra, na sauti ya SSB inafika imechanika, kwa hiyo tumia Mors, kati ya saa mbili na saa tano usiku, antena ikitazama kaskazini. Kwenye 50 MHz njia hiyohiyo inafunguka mara nyingi zaidi, na IC-705 inayo 50 MHz, wakati ndugu yake mkubwa IC-9700 hana.

Huyo IC-9700 ni wati 100 kwenye 144, kilo 4.7, na ampea 18 akirusha. Ni desibeli 10 zaidi, na mwenye umeme wa uhakika na mlingoti wa kudumu amchukue yeye. Yaesu FT-818, wati 6, haitengenezwi tena, na haina maporomoko wala kumbukumbu ya sauti. Ukitaka kuongezea IC-705 amplifaya, tumia tundu lake la SEND, na kwenye menyu weka ucheleweshaji wa kurusha milisekunde 20 au 30, ili rilei, swichi ya amplifaya, ifunge kabla nguvu haijatoka. Bila hilo midomo ya rilei inaungua.

Marekani ilipotoka ilitangazwa kwa takriban dola 1,300. Ongeza usafiri na forodha. Leseni na kibali cha ARPTC, mdhibiti wa mawasiliano wa Kongo, viwe mkononi kabla ya kuagiza, na nakala yake iwe kwenye begi la redio, maana mtu mwenye Yagi juu ya kichuguu karibu na mpaka ataulizwa. Mwarifu chifu wa kijiji siku moja kabla. Dukani uliza toleo la Ulaya: la Marekani linarusha hadi 148 MHz, na kwetu mwisho ni 146.